Bango Lililomuua Bibi Velika

Sehemu ya saba

Wiki iliyopita niliwaacha kwenye stoo ya chini ya ghorofa letu. Bibi yangu amesimama katikati ya mitungi ya achari na ufagio mkononi, sisi watatu tumekumbatia vyombo vyetu tukingoja kichapo.

Kwa ambaye gazeti lake la wiki ile lilifungiwa jibini kabla hajalisoma, ni hivi.

Mimi ni Ralitsa, nyumbani wananiita Rali. Mama yuko Ugiriki, anamtunza kikongwe wa watu. Hana karatasi za kuishi kule, kwa hiyo akitoka kule ndiyo basi tena, harudi. Baba alishaondoka, hayo nilisimulia sehemu ya pili na sirudii. Nimebaki na Bibi Velika, mama yake mama, ambaye zamani aliimba wimbo mmoja redioni na Bulgaria nzima ikaujua. Unaitwa "Usiniamshe Mapema." Hakukuwa na harusi bila huo wimbo. Halafu nyakati zikabadilika, redio ikamsahau, Bibi akajifungia ndani na kuacha hata kwenda kununua mkate.

Na tuna bendi. Slavena anapiga gitaa, Paro ngoma, mimi besi na kuimba. Tunaitwa Siki, kwa sababu ya harufu ya ile stoo. Nusu ya ngoma za Paro ni mapipa ya kabichi ya majirani. La Shangazi Ginka wa ghorofa ya pili ndilo lenye mlio mzuri kuliko yote, mradi usilifungue.

Kazi yetu ni kuchukua nyimbo wanazozijua wote, zile za bibi zetu, tukazipiga kipanki, kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Bibi alikuwa amekataza mtu yeyote asiuguse wimbo wake. Sisi tukaugusa. Akasikia kupitia bomba la kupashia nyumba joto, akashuka na ufagio.

Hapo ndipo tulipokuwa.

Kichapo hakikuja. Bibi aliuegemeza ufagio ukutani, akapindua ndoo akaikalia, akasema tupige tena.

Tukapiga tena. Wimbo wake ni wa kwenda polepole, wa kucheza wawili wawili. Sisi tunaumaliza kabla hujafunga kamba za viatu. Alisikiliza ameinamisha kichwa kama mtu aliyeko kwa daktari wa meno.

"Kelele sina neno nazo," akasema. "Ila hapa, kabla ya ubeti wa mwisho, mimi nilivuta pumzi. Ndefu. Hiyo pumzi ndiyo ilikuwa wimbo wenyewe. Wale wa redio wakaikata kwenye kanda, wakasema inasikika kama mtu anazama. Nyie irudisheni."

Tukairudisha. Tukifika pale tunanyamaza wote ghafla, hata ile sahani ya shaba ya kwenye ngoma Paro anaishika kwa kiganja isilie. Kimya. Mimi navuta pumzi kwenye maiki, ndefu, halafu tunarudi wote kwa pamoja kama ukuta unaoanguka.

Bibi alifumba macho.

Paro akamwambia yeye ndiye panki wa kwanza wa nchi hii. Bibi akauliza panki ni nini. Slavena akamjibu ni mtu anayeimba vibaya makusudi. Bibi akasema basi hao anawajua wengi tu, ila wao hawakukusudia.

Na akakubali kuja. Jumamosi jioni, ukumbi wa utamaduni, kiti cha mbele kabisa. Alipopanda juu aliniambia nimshushie boksi lililo juu ya kabati. Ndani mlikuwa na viatu vyake vya jukwaani, vya rangi ya fedha, kisigino chembamba kama kalamu. Akakaa kitandani akivifuta kwa pamba na maziwa mpaka nikaona taa ya dari ndani yake.

Nililala nina furaha. Walionisoma tangu mwanzo wanajua hiyo ni dalili gani.

Bango alilitengeneza Slavena. Mama yake anafanya kazi ofisi yenye mashine ya kopi, kwa hiyo rangi ilikuwa nyeusi na nyeupe tu. Aliniomba picha ya Bibi, iwe kubwa, uso mzima. Nikaikuta moja kwenye droo ya cherehani, imefungwa kwa kitambaa safi. Nzuri sana. Bibi amevaa gauni la kola nyeupe, hacheki, anakuangalia. Sikujiuliza kwa nini picha iliyopigwa juzijuzi imefungwa kwa kitambaa.

Slavena akaiweka katikati. Juu akaandika jina, VELIKA MANOVA. Chini yake USINIAMSHE MAPEMA. Halafu Jumamosi, saa kumi na mbili jioni, ukumbi wa utamaduni, wote mnakaribishwa. Akazungushia mpaka mnene mweusi, kwa sababu alisema panki haina maua maua. Jina la bendi aliliweka chini kabisa kwa herufi ndogo, maana nafasi ilimwishia.

Alhamisi jioni tukabandika. Mlango wa ghorofa letu, nguzo za umeme, kituo cha basi, sokoni, mlangoni mwa duka la dawa. Baridi ilikuwa kali na gundi inaganda. Tulirudi tunacheka.

Hakuna hata mmoja wetu aliyeliangalia lile bango kwa macho ya mtu mzima.

Kwetu mtu akifa, karatasi yake inabandikwa. Picha katikati, jina juu, neno moja la kuaga, siku na saa na mahali, mpaka mweusi kuzunguka. Mlangoni, kwenye nguzo, kituo cha basi. Zimejaa mji mzima, tumezaliwa tumezikuta, tunazipita kama unavyopita ukuta. Labda ndiyo maana. Ukikaa na kitu kila siku huwezi kujua kwamba mkono wako umeshajifunza kukichora.

Ijumaa asubuhi kengele ikalia. Mimi nilikuwa bafuni. Bibi alikwenda kufungua mwenyewe.

Nikasikia sufuria ikianguka.

Nilipotoka, Shangazi Ginka alikuwa ameshikilia fremu ya mlango, kitambaa cheusi kichwani, mdomo wazi. Sakafuni ngano iliyochemshwa na sukari imetapakaa, ile ya kugawia watu msibani. Bibi amesimama mbele yake na gauni la kulalia, anaangalia ngano, anaangalia kitambaa.

"Ginka," akasema. "Nani amekufa?"

 Shangazi Ginka alinyoosha kidole tu, kumwelekea yeye.

Ilinichukua muda kuwaelewesha wote wawili, maana mimi nikibanwa sauti inakimbia. Nilisema bango, nikasema bendi, nikasema Slavena. Shangazi Ginka alianza kulia, halafu akacheka, halafu akalia tena. Alisema alikuwa anajua tu, wiki nzima hajasikia redio ya Velika ikiwaka asubuhi. Alisema ameamka na kuchemsha ngano giza lingalipo.

Bibi aliokota punje mbili kutoka kwenye sufuria, akatafuna.

"Imekosa sukari," akasema. "Mimi ningekufa kweli usingenipikia hivi, nakujua."

Tukacheka. Nawaambia ukweli, tulicheka wote watatu pale mlangoni, na nikafikiri imepita.

Halafu Bibi akasema anataka kuiona hiyo karatasi.

Nikamshusha ngazi polepole, koti juu ya gauni la kulalia. Akasimama mbele ya mlango wa ghorofa akalitazama bango muda mrefu. Nikangoja matusi. Bibi anajua matusi ambayo hayapo kwenye kamusi.

"Picha nzuri," akasema. "Ndiyo niliyoichagua."

Nikauliza ameichagua kwa nini. Akanitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeuliza swali la kijinga hadharani.

"Kwa ajili ya hii, Rali. Nilikwenda kwa mpiga picha ili siku yangu ikifika msije mkaweka ile ya kitambulisho. Niliifunga kwa kitambaa. Wewe umewahi."

Niliinua mkono nilichane. Akaudaka.

Karatasi ya maiti haichanwi. Hilo kila mtu kwetu analijua, inaachwa mvua na jua viichukue pole pole. Nikamwambia Bibi, wewe si maiti. Akasema karatasi haijui hilo.

Tulipopanda, wageni walikuwa wameanza kufika. Wa ghorofa la jirani, wa sokoni, wanawake wawili waliokuwa naye kwaya. Mimi ndiye niliyefungua mlango, Bibi akakaa nyuma yake hataki kuonekana na gauni la kulalia. Nilikuwa nanong'ona tu, hajafa, ni makosa, hajafa. Baadhi walisikia wakafanya ishara ya msalaba. Wengine walinipa maua, wakanishika shavu, wakaondoka wanafuta macho.

Waridi mbili. Waridi nne. Nyeupe sita. Kwetu aliye hai anapewa maua yasiyogawanyika kwa mbili. Yanayogawanyika ni ya maiti, mtoto wa darasa la kwanza anajua. Kwa hiyo kila fungu lililoingia nilichomoa ua moja kabla sijaliweka mezani. Hayo niliyochomoa niliyaweka kwenye jagi jikoni. Nilijiona nina akili.

Halafu wakaja mume na mke nisiowajua. Mke aliniambia pole, nikamnong'oneza kile kile. Nadhani hakunisikia, maana walipokuwa wanashuka ngazi mume akaanza kuongea kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri.

"Kumbe alikuwa bado hai huyu? Mimi nilijua alishakufa tangu enzi zile."

Mke akasema hata yeye.

Nikafunga mlango. Bibi alikuwa palepale nyuma yake.

"Umesikia," akasema. "Hawakushangaa kwamba nimekufa. Wameshangaa kwamba ni juzi."

Akaenda chumbani. Nikasikia kiti kinaburutwa, kabati linagonga. Nilipochungulia, boksi la viatu lilikuwa limesharudi juu, na Bibi amelala ameelekea ukutani.

Hakula mchana. Hakula jioni. Nilimpelekea supu ya maharage, nikamwambia ina uchachu kidogo kama anavyopenda. Akaniambia niipeleke kwa walio hai.

Nilitoka kwenda kuchana yale mabango, apende asipende. Pale kituo cha basi nilikuwa nimeshaingiza ukucha kwenye kona moja, mzee mmoja akanishika mkono. Hakunikemea. Aliniuliza kwa upole kama nyumbani hawakunifundisha. Nilichotakiwa kusema ni maneno mawili tu, huyu hajafa. Nikasema samahani, nikaondoka.

Mimi ndivyo nilivyo. Dukani nikipewa mkate wa jana naula wa jana.

Njiani nikakutana na Shangazi Ginka, ananikimbilia na soli zake zinateleza kwenye barafu. Nikajua kabla hajafika.

Alikuwa amempigia mama.

Si kwa ubaya. Alipoliona bango alfajiri, kabla ya ngano, kabla ya chochote, alipiga simu Ugiriki, kwa sababu mtoto lazima ajue. Na alipogundua makosa akapiga tena na tena, na simu haikupokelewa.

Nilipiga mimi. Alipokea mtu mwingine, binti wa yule kikongwe nadhani. Mimi Kigiriki sijui, ila yeye alirudia neno moja ambalo mama alinifundisha nikiwa mdogo, tukicheza kwenye simu.

Ameondoka.

Mama alikuwa kwenye basi, anakuja kumzika mama yake aliye kitandani. Mpakani wataangalia hati yake ya kusafiria, wataona alivyopitiliza siku za kukaa, watamgongea muhuri wa kutorudi. Kazi imekwenda. Ugiriki imekwenda. Na hakuna simu ndani ya basi ya kumwambia shuka.

Sikumwambia Bibi.

Jumamosi, kabla sijaondoka, nilikwenda kukaa pembeni ya kitanda chake. Nilikuwa nimevaa fulana niliyoichana mikono, nimejipaka wanja wa Slavena mpaka mashavuni. Bibi aligeuka, akaniangalia.

"Nani amekupiga?"

"Ni mtindo, Bibi."

"Aha."

Nikamwomba aje. Nilisema amka, vaa, ukikaa kile kiti cha mbele mji mzima utajua. Akasema maiti haendi dansi. Nikasema tena. Akasema amechoka, na kwamba huku chini ya blanketi hakuna mtu anayeshangaa kumwona.

Nikanyanyuka. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita.

"Rali. Kabla hamjapiga, waambie nipo. Sema kwa sauti. Bibi yangu hajafa. Sitaki kingine."

"Nitasema."

"Utaweza? Wewe hata dereva wa basi unashindwa kumwambia umefika."

"Nitaweza, Bibi."

Akanitazama kidogo, akageukia ukuta.

Ukumbi wetu wa utamaduni una viti vya mbao na mazulia ya enzi za chama cha Kikomunisti. Tulitegemea wanafunzi wachache wa darasa letu na mbwa wa mlinzi. Bwana Tsanko, mkuu wa ukumbi, alitupokea mlangoni uso umemshuka. Alisema hakujua tumeandaa kitu kizito namna hii, angewasha joto mapema.

Slavena alichungulia kwenye pazia, akarudi hana rangi.

"Umejaa, Rali," akasema. "Umejaa watu wa msibani."

Nikachungulia. Wote wamevaa nyeusi. Wazee wa mji mzima, makoti ya manyoya, vitambaa vyeusi, mishumaa, maua mawili mawili mapajani. Wale wa mitaa ya mbali, ambao hawakupanda ngazi zetu, ambao walisoma karatasi na kufuata maelekezo. Kiti cha mbele kabisa, kile nilichokiwekea kadi ya jina la Bibi, walikuwa wamekiachia wazi. Juu yake waliweka mashada.

"Tuahirishe," Slavena akasema.

Paro akasema huwezi kuahirisha msiba. Akasema pia kwamba wa kwanza kufa leo ni sisi, na akaomba azikwe ndani ya pipa la Shangazi Ginka. Hakuna aliyecheka. 

Nikawaambia mimi nitasema. Nilimwahidi Bibi. Nitakwenda kwenye maiki niseme hajafa, kisha tupige.

Pazia likafunguka.

Nilitembea mpaka kwenye maiki. Wote wakasimama. Ukumbi mzima, kwa heshima, viti vikapiga kelele mara moja halafu kimya. Walinitazama, msichana mwenye wanja mashavuni, na katika nyuso zile zote hapakuwa na hata moja yenye ubaya. Hilo ndilo lililonimaliza. Wangenizomea ningesema.

Nilifungua mdomo. Neno la kwanza nilikuwa nalo, nalijua, lilikuwa "Bibi."

Sijui nilisimama pale muda gani. Nakumbuka mwanamke mmoja mbele akanitikisia kichwa, kunitia moyo, machozi yanamtoka. Nakumbuka upepo wa baridi shingoni kutoka upande wa nyuma ya jukwaa, kama mtu ameacha mlango wazi. Nikafikiri ni Bwana Tsanko.

Slavena hakuweza kuvumilia. Akapiga gitaa.

Mnajua wimbo wetu ulivyo. Ukumbi uliruka. Paro alikuwa anapiga kama anajitetea, mimi nikashika besi nikaimba, maana kuimba naweza, ni kusema ndiko siwezi. "Usiniamshe mapema, ndotoni bado yupo," maneno yale yale waliyoyachezea kwenye harusi zao, nikiyapasua moja moja. Mwanamke aliyenitia moyo alikaa kwa ghafla. Mzee mmoja akafanya ishara ya msalaba, akaanza kusukumana na watu atoke. Mtu akapaza sauti kwamba tuone haya, mwili haujapoa. Fungu la waridi likanipiga begani.

Ila si wote waliotoka. Safu ya nyuma niliona bibi mmoja anatikisa kichwa kwa kufuata mapigo, na mdomo wake unakwenda na maneno. Kwa muda mfupi nilifikiri labda.

Tukafika pale, kabla ya ubeti wa mwisho. Slavena akafunga nyuzi kwa kiganja. Paro akaishika sahani. Kimya.

Nikavuta pumzi.

Na kwenye kimya hicho mlango mkubwa wa mbele ukafunguka, ukalia kama unavyolia siku zote, na wote wakageuka.

Alikuwa amevaa koti jeusi lisilo lake, limemzidi. Begi begani, maua manne mkononi. Nywele zake zimekuwa na mvi na hakuna aliyeniambia. Alitembea katikati ya viti mpaka chini ya jukwaa, akainua uso.

"Rali," mama akasema. "Mmeshamzika?"

Nilishuka bila kujua nimeshukaje, besi bado imening'inia shingoni, ikamgonga nilipomkumbatia. Alikuwa ananuka basi na dawa za wagonjwa. Nikamwambia sikioni, mama, hajafa. Ni bango tu, ni sisi, hajafa, yupo nyumbani amelala.

Ndiyo, hapo nilisema. Mbele ya watu wote, na kwa sauti iliyotosha, maana nilisikia safu za mbele zikianza kunong'onezana. Nilisema wakati kusema hakukuwa tena na faida.

Mama alinisukuma taratibu ili anione uso.

"Wamenigongea muhuri," akasema. "Siruhusiwi kurudi tena."

"Najua, mama. Nisamehe."

"Unasema hajafa."

"Hajafa."

"Natoka nyumbani sasa hivi, Rali. Mlango uko wazi. Kitanda kimetandikwa."

Nikasema labda yuko jikoni. Mama akasema amezunguka kila chumba. Koti la Bibi liko msumarini. Alifikiri wameshamchukua, ndiyo maana akaja huku, bwana mmoja barabarani alimwambia watu wote wako ukumbini.

"Na maua nimeyaona," akasema. "Meza nzima. Nani aliyapanga vizuri hivyo, mawili mawili?"



"Siyo mawili mawili," nikamwambia. "Nilichomoa moja kwenye kila fungu. Niliyaweka kwenye jagi jikoni."

"Jagi la jikoni ni tupu, mwanangu." Bibi alikuwa ameyarudisha yote.

Slavena alikuwa ameshuka, amesimama nyuma yangu. Nikamuuliza mama kuhusu boksi. Boksi la viatu, juu ya kabati. Akasema aliona boksi, lilikuwa kitandani, wazi, halina kitu.

Ndipo nikaukumbuka ule upepo wa shingoni.

Nilipanda jukwaani, nikapita pembeni ya Paro, aliyekuwa bado ameishika ile sahani kwa kiganja kama tunaendelea. Nyuma kuna mlango mdogo wa waimbaji, wa kutokea uani. Watazamaji hawaujui. Anayeujua ni mtu aliyewahi kuimba pale.

Haukuwa umefungwa.

Nje theluji ilikuwa inaanguka taratibu. Mbele ya kizingiti ilikuwa imekanyagwa na kukanyagwa tena, pahala padogo, kama mtu aliyesimama muda mrefu akibadilisha mguu kwa baridi. Akisikiliza. Akingoja neno fulani lisemwe ndipo aingie.

Alama zilikuwa wazi kabisa. Soli nyembamba, na nyuma yake kitundu, kidogo kama cha kalamu.

Zilikuja mpaka mlangoni. Halafu zikageuka.

Mama alinifikia, anahema, akaziona. Hakuhitaji kuelezwa ni viatu gani, amekua akivitazama tangu utotoni.

"Hazirudi nyumbani," akasema. "Rali, zinakwenda wapi hizi?"

Zilikata ua, zikapita chini ya taa, zikashika barabara ya kuteremka. Nilitaka kumjibu stesheni. Lakini mama ni mtu wa mji huu, anajua kwamba kwetu njia ya stesheni na ya makaburini ni moja, na panapogawanyika theluji ilikuwa imeshazifukia alama.